Komamanga, rosela au ubuyu: juisi ipi kwa mgonjwa yupi?

Shangazi yangu anaishi Maskati, na kila akija Unguja mwezi wa tisa huja na boksi la makomamanga ya Jabal Akhdar. Ni makomamanga ya mlimani, yanayolimwa kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukilipasua moja, punje zinang'aa kama shanga, na maji yake ni matamu kuliko ya makomamanga mengi ninayoyakuta sokoni kwetu. Mwaka mmoja alimkuta mama ametoka kupimwa presha: 158 kwa 96. Akamwambia, "Wifi, dawa ndiyo hii. Bilauri asubuhi, bilauri usiku."

Mama akashika neno. Boksi lilipoisha tukahamia kwenye juisi za komamanga za dukani. Presha ilishuka, ingawa vidonge alivyoanza wiki ileile navyo vilikuwa na sehemu yake. Kilichotushtua ni sukari. Ilikuwa mpakani tangu zamani, na baada ya wiki tano ikawa imevuka. Daktari alipomuuliza anakunywa nini, mama alijibu kwa fahari: "Juisi tupu, mwanangu. Hata sukari sitii."

Tangu siku hiyo kila ndugu au jirani anayeniuliza anunue juisi gani kwa ajili ya mgonjwa wake, namrudishia swali: mgonjwa wa nini? Hapa nyumbani zinazoshindana ni tatu: komamanga, rosela (wengine huiita choya) na ubuyu. Zote zinasifiwa kwamba zinashusha presha, zinaongeza damu, zinasafisha mwili. Nimezilinganisha kwa ugonjwa mmoja mmoja, na jibu halikuwa lilelile kila mara.

Kwa mwenye presha

Sifa ya komamanga kwenye presha ina msingi. Mwaka 2001 watafiti wa Haifa, Israel, waliwapa watu 10 wenye presha mililita 50 za juisi yake kila siku kwa wiki mbili, na namba ya juu ikashuka kwa takriban asilimia 5. Watu 10 ni wachache mno kwa mtu kusimama juu yao, lakini majaribio hayakuishia hapo. Mwaka 2017 yalikusanywa manane yaliyofanywa kwa utaratibu wa kulinganisha makundi, na kwa jumla namba ya juu ilishuka kwa pointi 5 hivi, ya chini kwa pointi 2 hivi.

Kinachofanya kazi hiyo ni zile kemikali zinazolipa komamanga ukakasi. Ukitafuna ule utando mweupe wa ndani, ulimi unabana. Hizo ni tanini, na iliyo maarufu zaidi ndani ya komamanga huitwa punikalajini. Inaonekana husaidia mishipa ya damu kulegea, na pia kupunguza nguvu ya kimeng'enya kinachoikaza. Kimeng'enya hicho ndicho kinachozuiwa na vidonge kama kaptoprili na enalaprili. Nitalirudia jambo hili tukifika kwenye dawa.

Tufanye hesabu ya mama. Ukitoa pointi 5 kwenye 158 unapata 153. Ni nafuu, na mtu asiidharau, lakini 153 bado ni presha ya juu. Mtu anayeacha vidonge kwa sababu ameanza komamanga amejiweka hatarini, na kiharusi hakipigi hodi. Kuna mzee wa mtaani kwetu aliyefanya hivyo, na mpaka leo mkono wake wa kulia haushiki kijiko.

Sasa rosela. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda. Takriban nusu yao walikunywa vikombe vitatu vya chai ya rosela kwa siku, wengine kinywaji kilichofanana nayo kwa rangi na ladha lakini kisicho na rosela ndani. Baada ya wiki sita, namba ya juu ilishuka kwa pointi 7.2 kwa wanywaji wa rosela, na pointi 1.3 kwa wale wengine. Kila kikombe cha mililita 240 kilikuwa na gramu 1.25 tu za rosela kavu, yaani kiganja kidogo cha rosela kinatosha siku nzima.

Si haki kuchukua 7.2 na 5 ukasema moja kwa moja kwamba rosela imeshinda, maana waliopimwa hawakuwa watu walewale wala hali zao hazikuwa sawa. Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba kwa presha rosela haiko nyuma ya komamanga. Ni rahisi zaidi kwa bei, pakiti moja inadumu wiki kadhaa kabatini, na yenyewe haina sukari. Kwa mwenye presha ningemnunulia rosela, na komamanga nikaliacha liwe tunda la kufurahia.

Ubuyu hauna ushahidi wa kiasi hicho kwenye presha. Ni mzuri kwa mengine, tutayafikia.

Sukari, mahali tulipoteleza sisi

Mililita 100 za juisi tupu ya komamanga, isiyoongezwa chochote, zina gramu 12 hadi 13 za sukari. Soda ya kola ina 10 hadi 11. Nilipoisoma hesabu hii mara ya kwanza nilirudi juu nikaisoma tena, kwa sababu nyumbani kwetu soda ilikuwa imepigwa marufuku siku nyingi na juisi ya komamanga ilikuwa inapewa heshima ya dawa.

Bilauri ya mililita 250 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, ambazo ni vijiko vya chai kama saba na nusu. Mama alikuwa anakunywa mbili kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na sukari ya asali na ya juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hizo ni gramu 50 hivi, na likasema ikishuka hadi nusu yake ni bora zaidi. Mama alikuwa anazivuka gramu 50 kwa juisi peke yake, kabla ya chai, kabla ya mkate, kabla ya wali.

Watu huuliza: mbona tunda ni la Mungu, lina ubaya gani? Tunda halina ubaya. Ukila punje zenyewe, gramu 100 zina sukari kama ya juisi, ila zina pia gramu 4 za nyuzinyuzi, na unazitafuna taratibu. Sukari inaingia kwenye damu polepole na tumbo linajaa mapema. Kupata bilauri moja ya juisi unahitaji makomamanga mawili au matatu ya wastani. Jaribu kukaa uyale matatu kwa mkupuo mmoja uone kama utayamaliza. Juisi unaimaliza kwa dakika moja, na nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye kichujio.

Kwa mwenye kisukari, basi, kati ya punje na juisi ya tunda lilelile, punje ndizo za kuchagua, tena kiganja kimoja baada ya chakula. Juisi, ikibidi, iwe robo ya bilauri. Wale watu wa Haifa walipewa mililita 50 tu, ambazo ni kama kikombe kimoja cha kahawa cha wazee wa barazani. Kiasi kidogo hivyo kilitosha kupimwa. Hizi bilauri mbili ni sisi tuliozizidisha.

Rosela nayo tunaiharibu kwa mikono yetu. Ni chachu, na watu wengi huweka kikombe kizima cha sukari kwenye jagi moja ndipo iteremke kooni. Hapo haina tofauti na soda. Mimi nailoweka kwenye maji ya moto na kipande cha tangawizi, kijiti cha mdalasini na iliki mbili, naiacha ipoe, naichuja. Siku tatu za kwanza mama alikunja uso. Siku ya nne hakusema kitu, na sasa ukimwekea yenye sukari anairudisha.

Kwa mwenye upungufu wa damu

Hapa ndipo ninapoomba usikilizwe zaidi, kwa sababu wanaoumia ni wajawazito na watoto.

Mama mjamzito akitoka kliniki ameambiwa wekundu wa damu ni 9, nyumba nzima itamletea vitu vyekundu: komamanga, rosela, bitiruti, hata soda nyeusi yenye maziwa. Rangi imetudanganya. Wekundu wa komamanga na wa rosela unatokana na rangi za mimea ziitwazo anthosianini. Wekundu wa damu unatokana na madini ya chuma. Ni vitu viwili visivyo na undugu.

Juisi ya komamanga ina miligramu 0.1 hivi ya madini ya chuma kwa kila mililita 100. Mjamzito anahitaji miligramu 27 hivi kwa siku. Akinywa lita nzima, ambayo ni makomamanga kumi hivi na pesa yake si ndogo, atapata miligramu 1. Zaidi ya hapo, zile tanini zinazosaidia mishipa hushikana na chuma cha maharage na mboga tumboni, kikapita bila kufyonzwa. Ndiyo maana kliniki hukataza chai ya rangi pamoja na chakula. Rosela ina kemikali za jamii hiyohiyo, na tena wajawazito hushauriwa waiepuke, kwa kuwa usalama wake kwa mimba haujathibitishwa.

Ubuyu ndio unaopata nafasi yake hapa. Wenyewe hauna chuma cha kutosha kutibu, lakini una vitamini C kwa wingi. Gramu 100 za unga wake hukutwa na miligramu 150 hadi 300, na mwingine zaidi, wakati chungwa lina 50 hivi kwa uzito huohuo. Vitamini C hukisaidia chuma cha kwenye maharage, kunde, mchicha na kisamvu kufyonzwa. Kwa hiyo sahani ya maharage na bilauri ya ubuyu pembeni ni chakula chenye akili. Sahani ileile na bilauri ya komamanga pembeni, sivyo.

Ila ubuyu uandaliwe vizuri. Wengi wetu huuchemsha ili unga uachane na mbegu, na vitamini C haivumilii moto. Loweka kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, koroga kwa mwiko mpaka unga uachie, chuja, unywe siku hiyohiyo. Ule ubuyu mwekundu wa Zanzibar tunaoufunga kwenye vipakiti umepikwa kwa sukari na kutiwa rangi. Unga wa ubuyu wa asili ni mweupe uliofifia. Huo mwekundu watoto wapewe kama peremende, asipewe mgonjwa kama tiba.

Na vidonge vya damu vya kliniki vibaki palepale. Hakuna juisi kati ya hizi tatu inayochukua nafasi yake.

Tunda, la kukamua au la boksi

Ukishaamua unataka komamanga, bado kuna uchaguzi mwingine, na wauza juisi wanajua wengi wetu hatusomi maandishi madogo. Marekani kulikuwa na juisi ya Minute Maid, ya kampuni ya Coca-Cola, iliyoandikwa kwa herufi kubwa majina ya komamanga na bluberi. Ndani yake komamanga lilikuwa asilimia 0.3 na bluberi asilimia 0.2. Zaidi ya asilimia 99 ilikuwa juisi ya tufaha na zabibu. Kampuni ya POM Wonderful, inayouza juisi ya komamanga, ilishitaki, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaruhusu kesi hiyo iendelee.

Juisi tulizokuwa tunamnunulia mama, nilipokuja kugeuza boksi na kusoma nyuma, zilianza na maji, zikafuata sukari, halafu tufaha, ndipo komamanga likatajwa mwishoni pamoja na rangi. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Kama komamanga si la kwanza, rudisha rafuni.

Juisi ya kweli ya kiwandani, ile inayokamuliwa tunda zima na ganda lake, huwa na punikalajini nyingi kuliko unayokamua nyumbani kutoka kwenye punje, maana kemikali hiyo imejaa zaidi kwenye ganda. Lakini karibu vitamini C yote imekwisha, na bei yake huku kwetu inauma. Mimi bado napendelea tunda. Likate, bandua punje ndani ya bakuli la maji. Utando mweupe utaelea, punje zitazama. Ukitaka juisi, zungusha kwenye blenda sekunde chache tu, mbegu zisisagike, kisha chuja.

Maganda usiyachemshe ukanywa kwa kukisia. Wazee waliyatumia kwa tumbo la kuhara, kwa kiasi wanachokijua. Magome na mizizi ndiyo yenye hatari zaidi: yana kemikali zilizotumika zamani kutoa tegu, na zikizidi ni sumu.

Ukiwa na dawa nyingine mwilini

Mgonjwa wa figo asiguse juisi ya komamanga kabla ya kumuuliza daktari wake. Bilauri moja ina miligramu 500 na zaidi za potasiamu, kuliko ndizi mbivu moja. Figo dhaifu haziwezi kuitoa, na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Hatari hiyo inaongezeka kwa anayetumia kaptoprili, enalaprili au losatani, maana dawa hizo nazo hubakiza potasiamu mwilini. Anayemeza wafarini ili damu isigande amwambie daktari kabla ya kuanza komamanga kila siku. Na rosela inaweza kuingiliana na dawa za presha za kukojosha. Presha ikishuka kupita kiasi utasikia kizunguzungu ukiinuka.

Madai mengine

Nguvu za kiume, tezi dume, moyo. Haya yamesemwa sana, na yaliwafikisha mahakamani wenyewe waliokuwa wakiyasema. Kampuni ileile ya POM Wonderful ilitangaza kwamba juisi yake inatibu au kukinga maradhi ya moyo, saratani ya tezi dume na upungufu wa nguvu za kiume. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani iliamua kwamba matangazo hayo yalipotosha watu, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Kampuni ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni 35 kwa utafiti.

Habari ya tezi dume inafundisha. Jaribio la mwaka 2006, lenye wanaume 46 na lisilo na kundi la kulinganisha, lilitia moyo sana: kipimo cha damu cha saratani hiyo kilipanda polepole zaidi kuliko kabla hawajaanza kuinywa. Baadaye likafanywa jingine lenye kundi la kulinganisha, na tofauti haikuonekana. Baba mwenye shida ya kukojoa aende akapimwe, pesa ya juisi iwe nauli.

Tulivyofanya nyumbani

Mama sasa ana chupa ya rosela isiyo na sukari, vikombe viwili kwa siku, kwa ruhusa ya daktari wake. Chumvi ndiyo iliyotupa kazi zaidi kuliko juisi zote. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku kwa kila kitu unachokula, ambazo hazijazi kijiko cha chai, na sisi tulikuwa tunaitia kwenye wali, kwenye mchuzi, na kisha kwenye kachumbari. Tumeanza kwa kuiondoa mezani. Presha anaipima asubuhi kabla ya vidonge, anaandika kwenye daftari la shule alilomwomba mjukuu wake.

Mwezi wa tisa uliopita shangazi alikuja na boksi lake kama kawaida. Nilikuwa na wasiwasi nitamwambiaje, kwa sababu lile boksi ni mapenzi yake, amelibeba kutoka mlimani hadi kwenye ndege. Nilimwonyesha daftari la presha na karatasi za sukari. Alizisoma zote, akavua miwani, akaniambia nilete bakuli kubwa la maji. Tukakaa ukumbini sote watatu tukabandua punje mpaka jioni. Tukazigawa kwenye vibakuli vidogo, kibakuli kimoja cha mama kila siku baada ya chakula cha mchana, na vilivyobaki tukawapelekea majirani.